Kofia ya Kanali na Kaptura Nyekundu

Jumatatu, 4 Machi

Leo tena kawapanga mstari. Safari hii mpaka mama wa chai, na birika lake mkononi. Saa moja na nusu asubuhi, mvua inapiga madirisha, Idara nzima ya Nchi Jirani imesimama ukutani na Kanali anapita kwa mmoja mmoja anaangalia viatu. Kwa sekretari akasimama. Sekretari alikuwa na ndala, viatu vyake vimelowa, viko juu ya kabati vinakauka.

"Hivi ni viatu?"

"Hapana, Kanali. Ni ndala."

"Na ukiitwa vitani sasa hivi?"

"Nitaomba udhuru, Kanali. Nina barua za kuchapa."

Mama wa chai kacheka mpaka birika likamwagika. Mimi nilikuwa mlangoni na funguo za gari, nikaangalia dari.

Wiki ya pili hii tangu tuhamie wizarani. Kanali alikuwa mkuu wa kambi ya mtoni, kule mpakani, mimi dereva wake. Wakubwa wakasema huyu anaujua ule mto kuliko mtu yeyote, basi avae suti akazungumze na wenzetu wa ng'ambo. Kapewa miezi mitatu ya majaribio. Mimi nimekuja pamoja na gari, kama tairi la akiba.

Daftari hili kanipa yeye. Kasema dereva wa wizara lazima ajue kuandika ripoti, na mimi shule niliishia darasa la tano. Kwa hiyo niandike kila siku, siku akikagua akute. Hajakagua bado. Mungu amsahaulishe.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Kanali kavaa tai ndani nje. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Jumatatu, 11 Machi

Mkurugenzi kamwita ofisini kwake. Ni mama mdogo wa umbo, anaongea polepole, na watu wote wakimsikia wanashusha sauti. Nilikuwa nimebeba mafaili, nikaambiwa nisubiri, kwa hiyo nimesikia.

"Kanali, hapa hatuamrishi. Hapa tunaomba."

"Nimeelewa, Mkurugenzi."

"Hebu sema 'naomba'."

Akasema. Ilitoka kama jino.

Kazi aliyopewa ni daraja. Lile daraja la mtoni limefungwa mwaka wa pili sasa. Kila upande una mti wa kizuizi, na kila upande unasema mwenye kushusha wa kwanza ndiye ainue wa kwanza, halafu kila upande unasema wa kwanza ni yule mwingine. Wa kwetu aliushusha Kanali kwa mkono wake. Najua, nilimshikia mwavuli.

Mkurugenzi kasema mvua zikiisha daraja halijafunguliwa, Kanali aende nyumbani akale pensheni.

Nimerudi nyumbani nimemkuta Mama na simu. Dada yangu kaolewa ng'ambo. Mtoto wake ana mwaka na miezi minne, Mama hajamshika hata kidole. Anamwona kwenye simu tu, na kioo kikiingia ukungu anakipangusa kama anampangusa mtoto makamasi.

"Yule mfunga daraja wako hajambo?"

"Hajambo, Mama."

"Pole yake."

Ijumaa, 15 Machi

Nimetoka kununua betri ya saa ya ofisini, nimemkuta Kanali ndani ya gari peke yake. Kajigeuzia kioo cha dereva. Anatabasamu, anaacha, anatabasamu tena. Halafu anasema: "Naomba. Tunaomba. Tungeomba." Kama kuruta anayejifunza kubeba bunduki.

Sikumkatiza. Nilisimama kwenye mvua mpaka alipomaliza. Miaka mitatu nimemwendesha mtu huyu, nilijua haogopi kitu.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Foleni. Hamna kitu.

Jumatano, 27 Machi

Wageni wa ng'ambo wamekubali kuja Jumanne. Kanali kanipa amri niioshe gari mara mbili. Nimeiosha, mvua imeiosha mara ya tatu.

Jumanne, 2 Aprili

Leo mambo yameharibika, acha niandike taratibu.

Wageni walikuwa wafike saa tatu. Sisi tulifika saa kumi na moja na nusu, mlinzi wa getini bado ana mswaki mdomoni. Kanali akamwambia, "Saa tatu kamili geti linafungwa. Halifunguliwi kwa yeyote bila amri yangu ya maandishi. Umeelewa?"

Mlinzi akatoa mswaki, akasema ameelewa. Balaa ni kwamba alikuwa ameelewa kweli.

Hii ni desturi ya Kanali ya kambini. Saa ya kikao ikifika mlango unafungwa, aliyechelewa anabaki nje na aibu yake. Miaka thelathini kafanya hivyo. Kwa askari inafaa sana.

Saa tatu na dakika nne magari mawili yakafika. Barabara ya bondeni ilijaa maji, wamezunguka. Mimi nilikuwa kwenye kibanda cha mlinzi. Dereva wao akashuka anakimbia.

"Sisi ndio wageni!"

"Najua," mlinzi kasema. "Mnasubiriwa."

"Basi fungua!"

"Geti limefungwa."

"Si unao ufunguo huo kiunoni?"

"Ninao. Sina maandishi."

Nikapanda ngazi mbio. Kanali kasimama nyuma ya kiti chake, macho kwenye saa.

"Afande, getini..."

"Wamefika?"

"Wamefika, ila..."

"Saa ngapi?"

"Na dakika nne, afande."

"Wamechelewa. Waache dakika kumi, wajifunze."

Nilitaka kumwambia afande, hawa si makuruta. Maneno yakapanda mpaka kooni, yakakaa chini. Mimi niko hivyo tangu mtoto. Nikashuka ngazi bila maandishi.

Mkubwa wao alikuwa ameshuka garini. Mtu mzima, kichwa cheupe, mwavuli umegeuka juu chini. Kaangalia geti, kaangalia saa, hakugomba. Kaweka mikono kiunoni. Kajinyoosha kushoto mara mbili, kulia mara moja, halafu kakung'uta mguu wa kushoto kama mtu aliyeingiliwa na siafu.

Yule mtu namjua.

Wakapanda magari wakaondoka. Mkurugenzi alipochungulia dirishani alikuta alama za matairi tu.

Sasa niandike namjua wapi. Kule kambini, kila siku saa kumi na mbili asubuhi, afisa mmoja wa ng'ambo alikuwa anakuja ukingoni kwake kufanya mazoezi. Sisi tulimwita Kaptura Nyekundu. Anajinyoosha kwanza, kushoto mbili, kulia moja, mguu, halafu anazama kwenye majani marefu, unaona kaptura tu inapanda na kushuka. Pushapu ishirini. Kanali alimwona kwa darubini akasema hawezi kuachiwa mto peke yake huyu. Kesho yake na yeye akapiga ishirini na tano nyuma ya magunia ya mchanga, kule wanaona mgongo na ile kofia yake pana. Keshokutwa kaptura ikapiga thelathini. Ikawa hivyo mwaka mzima. Askari wa pande zote wanahesabu kwa sauti, na mto katikati.

Siku ya mwisho kabla kaptura haijaacha kuja, kofia ilipiga mia moja ishirini na tatu.

Kitu ambacho hawakijui wa ng'ambo wala wa kwetu ni kwamba Kanali akichoka alikuwa analala chini ya magunia na kuniita kwa kidole. Ananivika kofia. Mimi naendelea. Aliniambia, "Kijana, hili linaishia hapa kwenye magunia." Nami sijawahi kulitoa.

Kanali leo hakumwona mgeni, alikuwa juu na saa yake. Nikimwambia kwamba ni Kaptura Nyekundu, basi. Huo mti hautainuka mpaka tuzikwe wote. Simwambii.

Jumatano, 3 Aprili

Hakumpanga mtu mstari. Kala chakula cha mchana ndani ya gari, vioo juu.

Jumanne, 9 Aprili

Mkurugenzi kampa nafasi ya mwisho: aandike barua ya kuomba radhi, wageni wakikataa ndiyo mwisho wake. Kanali kamsomea sekretari aandike. Ya kwanza ilisema, "Mnatakiwa kupokea samahani yetu kabla ya saa sita mchana."

"Kanali," sekretari kasema, "hii ni samahani au hati ya kukamata?"

"Kuna kosa gani?"

"Kosa liko kwenye 'mnatakiwa'. Na kwenye saa sita. Na huku mwisho, 'Tekelezeni'."

Barua saba. Katika ya nane Kanali kasema polepole: "Niliwafungia nje kwenye mvua. Nilidhani ni nidhamu. Ilikuwa ujinga." Sekretari akauliza aandike hivyo hivyo? Kanali akasema andika kabla sijabadilisha mawazo. Sekretari kaandika, na alipotoka kapitia kwa mama wa chai, wakamletea Kanali chai bila kuombwa.

Alhamisi, 18 Aprili

Wamekubali. Wanakuja tarehe 30.

Dada kapiga simu, mtoto anatembea. Mama kasema, "Huyo atavuka mto kwa miguu yake kabla mfunga daraja wako hajaamka." Nimemwambia Kanali anajitahidi. Mama kaniangalia. "Umeanza kumtetea lini?" Kweli nimeanza.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua imepungua. Mimi naiomba isikatike, maana ikikatika na Kanali kaisha.

Jumanne, 30 Aprili

Leo ni ndefu, naandika yote.

Kuanzia saa moja Kanali alisimama getini mwenyewe na mwavuli. Geti kalifungua, akalifunga kwa kamba kwenye nguzo lisije likajirudisha na upepo. Mlinzi kamuuliza, "Hata wakija saa kumi jioni?" Kasema hata wakija mwezi ujao.

Wamefika saa tatu kasoro dakika tano. Yeye mgeni na wenzake wawili. Kanali kampa mkono, kamkaribisha, hakumtambua, suti inabadilisha mtu. Nikapumua.

Chumba cha mkutano, kile kistendi cha ramani kilivunjika zamani. Kanali kaniambia, "Kijana, shika ramani." Basi nimesimama mwisho wa meza, mikono juu, ramani ya mto imenifunika kuanzia nywele mpaka mkanda. Baada ya dakika kumi watu wakasahau kama kuna mtu nyuma ya mto.

"Tungeomba," Kanali kaanza, vizuri kabisa, "nyinyi muanze kuinua."

"Na sisi tungeomba nyinyi."

"Tunaomba kwa heshima."

"Sisi kwa heshima zaidi."

Saa nne. Saa tano. Saa sita. Mikono yangu ikafa, ikafufuka, ikafa tena. Wakala biskuti, wakarudi pale pale. Saa nane Mkurugenzi akaingia, akakaa pembeni.

"Mabwana, saa tisa namwandikia waziri kwamba tumeshindwa." Hakumwangalia Kanali, lakini Kanali alimeza mate, nilisikia.

Mgeni akasimama, mgongo unamuuma. Mikono kiunoni. Kushoto mara mbili. Nikaomba moyoni aishie hapo. Kulia mara moja. Mguu.

Kalamu ya Kanali ikaanguka.

"Saa kumi na mbili asubuhi," Kanali kasema. "Kaptura nyekundu."

Mgeni mguu ukabaki hewani. "Kofia," kasema. "Kumbe Kofia ni wewe!"

"Ni mimi."

"Mia moja na ishirini."

"Na tatu," Kanali kasema. Jamani, hakuweza kujizuia.

Mgeni kaushusha mguu polepole. "Mgongo huu haujapona tangu siku ile. Daktari kaniuliza nimebeba nini. Nikamwambia nimebeba nchi." Halafu sauti ikawa nyingine. "Uliinuka mara mia moja ishirini na tatu mbele ya askari wangu. Basi inuka mara moja zaidi, na huo mti wako. Sisi hatuanzi hata mto ukauke."

"Na sisi hatuanzi."

"Au tulimalize hapa hapa."

Kavua koti. Kanali naye kavua, kifungo kikaruka kikaingia kwenye biskuti. Mkurugenzi anasema, "Mabwana! Mabwana, hili ni zulia la wizara!" Hawamsikii. Wazee wawili wanashuka chini wanashikilia viti, magoti yanalia kama milango. Wenzake mgeni wamefungua midomo. Kanali kaweka viganja chini, jasho shingoni, na mimi najua ana nini mwilini, kifua chake mwaka huu hata ngazi kinazilalamikia. Halafu kainua macho akaiangalia ramani. Mara moja tu. Ni yale macho ya nyuma ya magunia.

Nikamwona Mama na ile simu yake. Nikaona hapa akishinda mmoja, daraja limekufa. Maneno yakapanda mpaka kooni, yakataka kukaa. Safari hii sikuyapa kiti.

"Ilikuwa mimi."

Watu wote wakaangalia mlangoni. Pale alikuwepo mama wa chai na sinia.

"Nani kasema?" mgeni kauliza.

"Ramani," mama wa chai kajibu.

Nikaishusha. Uso unawaka, lakini nimeshaanza. "Samahani, wakubwa. Afande alikuwa anafika sitini. Zilizobaki zilikuwa zangu. Kofia tu ndiyo yake."

Kanali yuko chini, miguu na mikono, kanipa kisogo. Nikahesabu kilichokwenda: kazi, jeshi, gari, daraja, mjukuu wa Mama.

"Hamsini na mbili," Kanali kasema kutoka kwenye zulia. "Hiyo sitini ananisitiri."

Mabega ya mgeni yakaanza kutikisika. Nilidhani ni mgongo. Kumbe anacheka. Kajiviringisha akakaa chini kabisa, miguu kanyoosha kama mtoto.

"Kaptura ilikuwa moja," kasema. "Sisi tulikuwa watatu. Mimi, mpishi na kijana wa redio. Kila mtu zamu yake, tunabadilishana kwenye majani."

Kanali kageuka. "Na mgongo?"

"Niliuumiza nikiivua kaptura haraka haraka."

Mama wa chai kaweka sinia sakafuni akatoka kwenda kucheka korido. Mkurugenzi kafunika mdomo kwa faili. Kanali kacheka, na mimi sijawahi kumsikia Kanali akicheka, ni kama gari lililolala nje siku nyingi, linakohoa kwanza ndipo linawaka.

Hawakurudi kwenye viti. Wamemalizia mkutano pale pale chini, na ramani yangu wameitandika katikati. Wamekubaliana mti hauinuliwi na mkubwa yeyote. Kwetu nauinua mimi, kule mpishi, kwa hesabu moja.

"Nani anahesabu?" Kanali kauliza.

Wakaangaliana. Nikaona tunaanza upya.

"Mimi," Mkurugenzi kasema. "Andikeni."

Saa tisa kasoro dakika saba wakaweka saini.

Kitu kimoja nakiandika humu tu: kwa hiyo mimi peke yangu niliwashinda watu watatu.

Alhamisi, 2 Mei

Juzi garini, karibu na kwake, Kanali kaniuliza.

"Ulijua tangu lini kwamba ni yeye?"

"Tangu siku ya geti, afande."

"Mwezi mzima."

"Ndiyo, afande."

"Kwa nini hukuniambia?"

Nilipitisha makutano kwanza. "Ungekataa kabisa, afande."

Kaangalia nje. Wiper zikapita kama mara kumi. "Ningekataa," kasema. Tulipofika hakungoja nimfungulie mlango.

Leo kauliza kama nina mtu ng'ambo. Nimemwambia. Kauliza mtoto ana umri gani. Nikamwambia mwaka na nusu. Kahesabu kwa vidole kurudi nyuma mpaka siku ile ya mwavuli, aliposhusha mti, halafu karudisha mkono mfukoni.

Jumatano, 8 Mei

Mkurugenzi kasaini barua ya Kanali: majaribio yamekwisha, abaki. Pia kanunua kistendi cha ramani.

Jumamosi, 11 Mei

Mvua imekatika usiku. Mti unainuliwa saa nne, na kutoka hapa mpaka mtoni ni saa tatu za barabara ya tope. Mama yuko tayari tangu saa tisa ya usiku. Kakaa kiti cha mbele cha gari la wizara, na kakataa kuhama.

Kanali kaja mwenyewe kwa miguu, shati la kawaida, bila kofia. Kasimama dirishani kwa Mama, kanyooka kama yuko mbele ya jenerali.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. "Ni wewe uliyefunga?"

"Ni mimi. Naomba unisamehe."

Haikutoka kama jino. Ilitoka tu.

Mama kamwangalia viatu, kapanda mpaka usoni, kashuka tena. "Lile begi pale mlangoni ni la mjukuu wangu," kasema. "Libebe. Usiligeuze juu chini."

Mimi nimeingia ndani kuchukua funguo, nikaona niandike haya kwanza. Lakini sasa lazima niondoke, honi inalia, na anayeipiga ni Mama. Kanali kakaa nyuma kapakata begi kwa mikono miwili, na Mama kamtangazia kwamba nikichelewa dakika nne anafunga milango.